Namna ya kuijua itikadi ya mwanasiasa ndani ya hotuba yake

Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inasema mpaka leo kwamba nchi yetu ni ya kidemokrasia na ya kijamaa. Inasema hivyo katika nchi ambayo benki, migodi ya dhahabu na kampuni za simu zimejaa hisa za watu binafsi na za wageni. Kwa majirani zetu, mwaka 1965, serikali ya Jomo Kenyatta ilitoa Waraka Namba 10 uliojitambulisha kuwa ni wa ujamaa wa Kiafrika, na ndani yake ukalinda mali ya mtu binafsi na kuukaribisha mtaji wa nje. Miaka miwili baadaye Mwalimu Nyerere alitumia neno hilohilo, ujamaa, kutaifisha mabenki.

Kwa hiyo usimuulize mwanasiasa itikadi yake ni ipi. Atakutajia ile iliyoandikwa kwenye katiba ya chama chake, na hutakuwa umejifunza kitu. Mtazame anavyozungumza: nani hutenda katika sentensi zake, nani hutendewa, fedha anazozitaja ni za nani, na watu wa kawaida anawaita nini. Hayo ndiyo yanayomtoka bila kupimwa sana, na humo ndimo itikadi ilimo.

Mwongozo huu ni kwa mwandishi wa habari anayeanza kazi, mwalimu wa uraia, mwanafunzi wa chuo, kijana wa chama chochote, na mwananchi aliyechoka kuondoka kwenye mkutano wa hadhara akikumbuka muziki tu. Tafuta hotuba moja, penseli za rangi mbili, daftari, na jioni moja yenye utulivu.

Hatua ya 1: Pata maneno yenyewe

Kichwa cha habari hakitakusaidia, wala kipande cha dakika moja kilichosambazwa kwenye WhatsApp. Unahitaji hotuba neno kwa neno. Tanzania tuna bahati: Hansard ya Bunge, yaani kumbukumbu ya mijadala neno kwa neno, iko kwa Kiswahili, inapatikana kwenye tovuti ya Bunge, na waandishi wake huweka hata (Makofi) na (Kicheko) pale vilipotokea. Alama hizo usizipite. Zinakuonyesha ni sentensi ipi wasikilizaji walikuwa wameshaikubali kabla haijasemwa. Hotuba za Rais hupatikana kwa video. Chagua robo saa moja, sikiliza, andika mwenyewe kwa mkono. Kazi hiyo inachosha, lakini mkono ukiandika, sikio hushika kile ambacho lingekiruka.

Kama unasoma hotuba ya Kenya, kuna jambo la ziada. Katika sherehe za kitaifa Rais husoma hotuba iliyochapwa, kwa Kiingereza, kisha huiweka kando na kuzungumza na umati kwa Kiswahili. Hizo ni hotuba mbili. Ya kwanza imepita mikononi mwa washauri, na inasomwa na mabalozi na wakopeshaji. Ya pili ni yake na wananchi. Zichambue kila moja kwenye ukurasa wake, ndipo uzilinganishe. Ukikuta kodi mpya imetajwa kwenye Kiingereza, na kwenye Kiswahili zimebaki barabara na stima, umeshapata jambo la maana kabla hujafika hatua ya pili.

Chagua hotuba ya siku ya kawaida: uzinduzi wa mradi, Mei Mosi, mjadala wa bajeti, ziara ya mkoani. Hotuba za vita na za misiba ziache. Novemba 1978, Mwalimu alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin na kusema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, alizungumza kama ambavyo kiongozi wa itikadi yoyote angezungumza nchi yake ikivamiwa. Vita hufanya wote wawe "sisi".

Hatua ya 2: Fuata viambishi vya nafsi

Hapa tumia muda. Kiswahili kimetupa zana ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana: mtenda amefungwa mwanzoni mwa kitenzi, hawezi kujificha kirahisi. Piga mstari chini ya kila ni-, tu-, m- na wa-, halafu pembeni andika kiambishi hicho kinamrejelea nani. Kwa rangi ya pili, weka alama kwenye kila kitenzi cha kutendwa.

Jizoeze kwa aya hii ya Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967:

"Tumeonewa kiasi cha kutosha. Tumenyonywa kiasi cha kutosha. Tumepuuzwa kiasi cha kutosha. Unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa. Sasa tunataka mapinduzi. Mapinduzi ya kuondoa unyonge, ili tusionewe tena, tusinyonywe tena, tusipuuzwe tena."

Angalia rangi zako. Sentensi tatu za mwanzo zote ni za kutendwa, na mtenda hakutajwa. Ungetegemea sentensi ya nne imtaje mkoloni au bepari. Haimtaji. Inataja "unyonge wetu". Sababu ya kuonewa imewekwa ndani yetu sisi, tena si katika tabia zetu bali katika hali yetu. Halafu, baada ya vitenzi vyote hivyo vya kutendwa, kinakuja kitenzi cha kwanza ambacho "sisi" tunatenda: tunataka. Huo ndio ujamaa wa 1967 ulivyo katika sarufi: kuna hali ya kuondolewa, na watakaoiondoa ni walewale waliokuwa ndani yake. Sentensi nyingine ya Azimio hilohilo inathibitisha, ile inayosema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Uongozi upo, lakini ni wa nne, na watu ni wa kwanza.

Sasa chukua hotuba za John Magufuli kati ya 2015 na 2021. Mzizi ni uleule, nyonge. Lakini sasa neno limehama ngeli. Halisemwi sana unyonge, husemwa wanyonge. Ilikuwa hali, imekuwa kundi la watu. Na watu wanyonge hawaondolewi, hutetewa, na kutetea kunahitaji mtetezi. Kwa hiyo ni- inaongezeka: nimeamua, nimesema, serikali ninayoiongoza, mimi ni Rais wa wanyonge. Upande wa pili wamesimama mabeberu na mafisadi. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo tofauti kubwa ya kiitikadi kati ya viongozi hawa wawili, ingawa wengi huwaweka kapu moja kwa sababu wote walikemea ubeberu na wote walisifu kazi. Mmoja aliona nguvu iko kwa wengi waliojipanga. Mwingine aliona nguvu iko kwa mmoja jasiri aliye upande wa wengi. Mtu anaweza kumpenda yeyote kati yao. Ila asiseme walisema kitu kimoja.

Kiambishi tu- kina mtego. Kiswahili hakitenganishi "sisi pamoja nanyi" na "sisi bila nyinyi". Vita vya Kagera vilipokwisha wananchi waliombwa kufunga mkanda kwa miezi 18. Tufunge mkanda: ni nani na nani? Jibu halipo kwenye kitenzi, lazima ulitafute. Njia rahisi ni kuijaribu kila tu- mara mbili: mara moja kwa "sisi viongozi", mara ya pili kwa "sisi sote". Katika mijadala ya tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021, ukijaribu hivyo utaona mpangilio unaojirudia: tumeamua ni ya viongozi, tuchangie ni ya wananchi, na zote mbili zimevaa kiambishi kimoja ndani ya sentensi moja.

Hatua ya 3: Uliza fedha ni za nani

Kila hotuba ya maendeleo ina sentensi ya fedha. Itafute, kisha uiandike upya kwa kubadilisha mtenda tu. Tuseme jambo ni kituo cha afya:

Mama ametoa bilioni moja kujenga kituo cha afya.
Serikali imeleta bilioni moja.
Bunge liliidhinisha bilioni moja.
Kodi zenu zimejenga kituo hiki.
Tumechanga, na serikali imeongezea.

Kituo ni kimoja, matofali ni yaleyale. Lakini kila sentensi ina dola yake. Ya kwanza ina mzazi mkarimu, na mwananchi hapo kazi yake ni kushukuru. Ya pili ina chombo kilicho mbali kinacholeta. Ya tatu ina wawakilishi wanaogawa kwa sheria, na ukisikia hiyo, una haki ya kuuliza wengine walipata kiasi gani. Ya nne ina mwenye mali anayeonyeshwa mali yake. Ya tano ina ushirika.

Aina ya kwanza ndiyo imetawala majukwaa yetu, kwa wabunge, wakuu wa wilaya, hata walimu wakuu. Haikuanza na Rais Samia, anayeitwa Mama, wala haiishii Tanzania. Kenya utaisikia kwa sura ya "nimewaletea lami". Mtu anaweza kusema ni adabu tu, ni shukrani ya Kiafrika. Mimi sikubali. Mtoto anayekua akisikia kwamba darasa lake limetolewa na mtu mmoja atafika umri wa kupiga kura akiamini kwamba kura ni malipo ya zawadi. Hiyo ni itikadi kamili, hata kama hakuna chama kilichowahi kuiandika kwenye ilani.

Ukishaandika sentensi zako tano, jiulize: ni ipi ambayo msemaji huyu asingeweza kuitamka mbele ya wakubwa wake? Hapo ndipo mpaka wake ulipo.

Tazama pia jinsi mtenda anavyoweza kubadilika ndani ya neno lisilobadilika. Harambee ya Kenyatta mwaka 1963 ilikuwa wito wa wananchi kuchanga nguvu na mali, na shule nyingi za Kenya zilijengwa hivyo. Baadaye harambee ikawa pia jukwaa la mgeni rasmi anayefika na kitita na kutangaza mbele ya umati ametoa kiasi gani. Neno lilibaki. Aliyekuwa mchangaji akawa mpiga makofi.

Hatua ya 4: Mtazame mtu anayenunua na kuuza anaitwaje

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii. Mchukue mtu wa kawaida kabisa, yule anayenunua bidhaa Kariakoo na kwenda kuiuza barabarani, umfuatilie anavyoitwa na wenye madaraka katika miaka 50 ya siasa za Tanzania.

Katika msamiati wa Azimio, mwenye mali anayeishi kwa jasho la wengine ni bepari, kabaila, mnyonyaji, na mitaani kupe. Yule mdogo anayechuuza hana jina zuri wala baya, ila anajua ndoto ya taifa si yeye. Ndoto ni mkulima wa kijiji cha ujamaa na mfanyakazi wa kiwanda cha umma.

Mwaka 1983, bidhaa zikiwa zimeadimika, serikali ikiwa na Edward Sokoine kama Waziri Mkuu ilianzisha msako mkubwa. Hapo mwenye sabuni na mafuta ya kula stoo akawa mlanguzi na mhujumu uchumi. Mwaka huohuo ikaja operesheni ya Nguvu Kazi, na kijana wa mjini asiye na ajira rasmi akawa mzururaji, wa kurudishwa kijijini.

Akaja Mzee Ali Hassan Mwinyi. Wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa, na jina hilo lina elimu ndani yake. Ruksa haimsifu mfanyabiashara wala haimlaani. Inamfungulia mlango tu. Kilichokuwa kosa kikawa halali bila mtu kueleza kwa nini kilikuwa kosa. Lugha ya ujamaa iliendelea kutumika kwenye vikao vya chama huku maduka yakijaa.

Chini ya Benjamin Mkapa, kuanzia 1995, alikuja mwekezaji. Linganisha na bepari. Kazi yao inaweza kuwa ileile, mtu mwenye mtaji anayemiliki kiwanda na kuajiri. Lakini bepari hutajwa kwa anachochukua, na mwekezaji hutajwa kwa anacholeta. Ukimwita bepari, swali linalofuata ni namna ya kumdhibiti; ukimwita mwekezaji, swali linalofuata ni namna ya kumvutia. Ndiyo maana mjadala mzima wa ubinafsishaji ulikuwa umeelekea upande mmoja kabla mtu hajataja takwimu.

Yule wetu wa barabarani naye hakuachwa. Desemba 2018 Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyofikia milioni 4 kwa mwaka. Mzururaji wa 1983 sasa ni mjasiriamali mwenye kitambulisho. Hilo ni tendo la kiitikadi kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mjasiriamali ni mtu anayejiajiri, na anayejiajiri hana wa kumdai ajira. Heshima imeongezeka na wajibu wa serikali umepungua, kwa neno moja. Mwaka 2021, walipoondolewa kando ya barabara za miji mikubwa, kitenzi cha serikali kilikuwa kupanga: zoezi la kuwapanga machinga. Wenyewe walisema wamehamishwa, wengine wamevunjiwa.

Fanya zoezi hili kwa mtu yeyote unayemjali: mfugaji, mkimbizi, mfanyakazi wa ndani, mwalimu. Safu tatu kwenye daftari: anaitwaje, amepewa kitenzi gani, na nani yuko upande wa pili wa kitenzi hicho. Mfugaji anayeitwa mvamizi wa hifadhi na mfugaji anayeitwa mzalishaji wa nyama hawatatungiwa sheria moja.

Hatua ya 5: Tafuta vitenzi visivyo na mtu

Hii ni fupi. Zungushia kila sentensi ambayo jambo baya limetokea na hakuna aliyelitenda. Changamoto zilizojitokeza. Fedha zilizopotea. Makosa yalifanyika. Bei imepanda. Watu walipoteza maisha. Kujitokeza ndicho kitenzi cha kuangalia kuliko vyote, kwa sababu kinafanya tatizo liwe limejileta lenyewe. Halafu pitia mambo mazuri ya hotuba ileile uone kama nayo hayana mtenda. Mara nyingi mazuri yana mtenda kwa jina na cheo. Msemaji ambaye mema na mabaya yake yote yana watenda ni adimu. Ukimpata, mwekee alama.

Hatua ya 6: Weka pande mbili juu ya jambo moja

Hotuba moja peke yake hukudanganya, kwa sababu huoni kile ambacho ingeweza kusema. Tafuta mpinzani wake aliyezungumzia jambo hilohilo kipindi hichohicho.

Uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022 ni mfano mzuri. Pande zote mbili zilimwahidi mtu yuleyule, maskini. Kenya Kwanza ya William Ruto ilimwita hasla, mama mboga, mtu wa boda boda: mtu aliye kazini tayari, anayekosa mtaji. Kitenzi chake kilikuwa kukopesha, na baada ya ushindi ukazinduliwa mfuko wa mahasla tarehe 30 Novemba 2022, wenye mikopo ya kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa simu. Azimio la Umoja ya Raila Odinga iliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia zisizojiweza. Kitenzi chake kilikuwa kutoa, na mtu wake alikuwa familia, si mchuuzi. Mkopo unamwamini mtu sokoni. Posho inasema soko halitoshi. Vyombo vingi viliandika habari ya makabila na miungano ya vigogo, na hayo yalikuwepo kweli, lakini tofauti hiyo ya vitenzi viwili ilikuwa ya kiitikadi hasa na haikupewa nafasi yake.

Kwetu, angalia mjadala wa bandari wa 2023, Bunge lilipoyaridhia tarehe 10 Juni makubaliano na serikali ya Dubai. Upande wa serikali maneno yalikuwa uwekezaji, uendeshaji, ufanisi. Upande wa wapinzani: kuuza, bandari zetu, ukomo wa mkataba. Pande hizo hazikuwa zikibishana juu ya jambo moja. Ufanisi hupimwa kwa meli na mapato. "Zetu" hupimwa kwa nani mwenye mamlaka. Anayejua hivyo hapotezi muda kumjibu mtu wa "zetu" kwa takwimu za makontena. Vivyo hivyo masuala ya Tanzania Bara na Zanzibar: anayesema kero za Muungano anasema kuna mtu anaumia, anayesema hoja za Muungano anasema kuna jambo la mezani. Serikali imependelea neno la pili.

Tahadhari moja. Nguvu ya mitaa hubadilisha msamiati haraka kuliko itikadi. Usiku wa tarehe 25 Juni 2024, baada ya waandamanaji kuingia Bunge la Nairobi mchana wake kupinga Muswada wa Fedha, Rais Ruto aliyaita matukio ya siku hiyo ya uhaini. Kesho yake alisema amewasikia Wakenya na hatautia saini muswada huo. Usiandike kwamba itikadi yake iligeuka usiku mmoja. Andika kwamba alirudi nyuma, kisha usome hotuba zake za miezi iliyofuata uone maneno gani yamerudi.

Hatua ya 7: Rudi kwenye vitendo

Kaulimbiu usizitegemee. Kazi iendelee ilikuwa ya Mwai Kibaki mwaka 2007, ikaja kuwa ya Samia Suluhu Hassan mwaka 2021, na hakuna anayeweza kuzisoma tawala hizo mbili kwa maneno hayo mawili. Neno azimio nalo limesafiri. La Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kumiliki nyumba ya kupangisha. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo, na wananchi wakayaita maamuzi hayo Azimio la Zanzibar. Azimio kwa azimio, moja likiivunja nguzo ya jingine.

Kwa sababu hiyo, kila ulichokiona katika hatua zilizopita kitafutie tendo moja la kukipima: sheria, fungu la bajeti, au uteuzi. Kiongozi anayezungumza sana juu ya wakulima, fungu la kilimo limepanda au limeshuka? Anayesema mwananchi ndiye mwenye mali, je, taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa? Maneno na matendo yakilingana, umeipata itikadi yake. Yasipolingana, usikimbilie kumwita mwongo. Mara nyingi maneno yanakuonyesha anataka kupendwa na nani, na bajeti inakuonyesha anamwogopa nani, na vyote viwili ni vya kuandika.

Matokeo yako yaandike kwa nusu ukurasa, si zaidi. Weka tarehe na mahali pa hotuba, sentensi mbili za msemaji mwenyewe ulizozichambua, jina moja alilowapa watu, mtenda wa fedha, na tendo moja la kulinganisha. Mtumie mtu wa chama kingine asome kabla hujamwonyesha rafiki yako. Akisema umemwonea, mwombe akuonyeshe sentensi uliyoiacha, akiileta, iongeze.

Na kama hotuba ni ya diwani au mbunge wako, ibebe sentensi yake uende nayo mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, siku ya kusomwa mapato na matumizi. Uliza kwa utulivu: Mheshimiwa, tarehe fulani ulisema fedha za zahanati zimetolewa, ziko fungu gani katika bajeti ya halmashauri, na nguvu za wananchi katika ujenzi ule zimehesabiwa shilingi ngapi? Jibu atakalotoa nalo liandike neno kwa neno.